Hawe hakubatizwa

Jumapili, saa mbili usiku. Umeme umekatika tangu alasiri, naandika kwenye simu na chaji imebaki kidogo, kwa hiyo mnisamehe nikikatiza.

Leo mpwa wangu ametoka katekesi amenuna. Ana miaka kumi na mmoja, anajiandaa kwa Komunyo ya kwanza, na kwa kawaida akitoka huko hudai mahamri kabla hata ya kusalimia. Leo hakudai kitu. Tulipofika karibu na lile kanisa dogo la Wareno hapa Malindi, la makuti, pale upande wa baharini, ndipo akauliza: "Mjomba, Hawe yuko motoni?"

Katekista amewafundisha kwamba asiyemwamini Kristo na kubatizwa haokoki. Mtoto akapiga hesabu yake mwenyewe.

Kwa wasiojua, hawe ni nyanya kwa Kigiriama. Huyu ni nyanya yangu mimi, mzaa mama, lakini ukoo mzima tulimwita hivyo. Alifariki miaka minne iliyopita kule kijijini Ganda. Hakubatizwa. Jioni, kabla ya kunywa mnazi, alimwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, wazee wake waliotangulia. Kisha akanywa uliobaki, akafungua kopo lake la ugoro. Kopo lenyewe lilikuwa la mafuta ya kujipaka, maandishi yote yamefutika kwa vidole vyake, kifuniko kimebonyea upande mmoja hata kukifungua ilikuwa lazima ujue pa kubana.

Nikamwambia mtoto tukae kivulini kwanza. Mtu mzima asiyekuwa na jibu hutafuta kivuli.

Pale penyewe pana kisa chake. Mwaka 1542 Fransisko Ksaveri, mmisionari Mjesuti aliyekuwa safarini kwenda India, alishuka Malindi. Mtu mmoja wa chombo chao alikuwa amekufa, wakamzika hapa, na baadaye Ksaveri akaandika kutoka Goa kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyozika wafu wao. Mzee mmoja wa heshima akamuuliza: kwenu makanisani watu wanakwenda? Maana hapa ibada imelegea, misikiti ni 17 na inayopata watu ni mitatu tu. Paroko yeyote wa leo angelitambua hilo swali. Ksaveri akamjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, ndiyo maana anaziacha zififie. Mwenyewe anaandika kwamba mzee hakuridhika. Hata mimi nisingeridhika.

Miaka kumi baadaye, Januari 1552, Ksaveri huyohuyo akaandika habari za Japani. Waliobatizwa kule walimuuliza juu ya wazazi na babu zao waliokufa bila kusikia Injili: Mungu hawezi kuwatoa? Akawaambia aliyeingia motoni hatoki. Wakalia sana. Naye anakiri kwamba aliona uchungu kuwatazama rafiki zake wakililia jambo lisilo na dawa. Barua hiyo nimeirudia mara nyingi. Mtu huyu aliwapenda kweli wale watu, na bado mfukoni hakuwa na neno jingine la kuwapa.

Sitaki kujidanganya, maana Maandiko hayabembelezi. Petro alisimama mbele ya baraza akasema, "Wala hakuna wokovu katika mwingine awaye yote." Yesu mwenyewe anasema, "Mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi." Rafiki yangu mlokole huishia hapo, wala siwezi kusema kasoma vibaya. Lakini Biblia hiyohiyo, Waebrania 11, inawasifu kwa imani yao Abeli, Henoko, Nuhu, hata Rahabu kahaba wa Yeriko, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia kijiji kiitwacho Nazareti. Na katika Mathayo 25 wanaokaribishwa ndio wanaoshangaa: "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha?" Walikuwa hawajui waliyempa chakula ni nani.

Naona tunatia maswali mawili katika gunia moja. Nani anaokoa? Hapo Mkristo hana pa kuyumbia, ni Kristo. Lakini je, ni lazima anayeokolewa amjue anayemwokoa? Hapo Wakristo wamevutana karne kwa karne. Askofu Sipriani wa Karthago, Afrika Kaskazini, karne ya 3, ndiye mwenye yale maneno ya "nje ya Kanisa hakuna wokovu", ingawa aliokuwa akigombana nao walikuwa Wakristo waliojitenga. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Florence mwaka 1442 ukayakaza yakawapata Wayahudi na wapagani pia. Halafu mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba wale ambao, bila kosa lao, hawaijui Injili ya Kristo, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi, kwa msaada wa neema yake, kufanya mapenzi yake kadiri dhamiri inavyowaonyesha, nao wanaweza kuupata wokovu wa milele. (Kulikuwa na padri wa Boston, Leonard Feeney, aliyeshikilia ile maana kali mpaka akakaidi wakubwa wake, na mwaka 1953 akajikuta yeye ndiye nje ya Kanisa. Akapatanishwa 1972.)

Bila kosa lao. Kwa Mgiriama aliyekufa kabla mmisionari Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844, maneno hayo yanatosha na kubaki. Hawe ndiye anayenisumbua, kwa sababu Hawe alisikia. Kengele ya kanisa ilimfikia uani kila Jumapili. Alihubiriwa kwa spika, akahubiriwa kwa kutembelewa. Siku moja mchungaji wa kijiji alikaa kwenye kigoda chake, nami nikiwapo, nina miaka kama ya huyu mtoto, akamweleza habari za mbinguni vizuri tu. Hawe akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Nikienda huko, mama yangu nitamkuta?" Bwana yule alikuwa mkweli, akasema hapana.

"Basi niacheni niende aliko mama."

Hapo ndipo nimekaa miaka yote. Hawe alimkataa Kristo, au alikataa jibu la yule bwana? Mtu akikuletea zawadi na sharti la kumsahau mama yako, ukairudisha, umemrudishia nani?

Huyo mchungaji mkewe alipatwa na uchungu usiku wa mvua, barabara imekatika, na aliyeitwa ni Hawe. Ndiye aliyekuwa mkunga pale. Alikwenda na tochi moja na kanga mbili, akarudi asubuhi kanga zimebaki huko. Siku ya mazishi ya Hawe mchungaji alikuja, akakaa chini ya mwembe, kofia magotini. Hakuomba dua, maana marehemu si muumini. Lakini hakuondoka mpaka kaburi lilipofukiwa, nami siku hizi hilo nalo namhesabia.

Mwalimu mmoja wa theolojia, Karl Rahner, alisema watu kama Hawe ni Wakristo wasiojijua. Nilifurahi sana siku nilipokutana na wazo hilo, nikaenda nalo mbio kwa jirani yangu ustadh wa madrasa. Akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Wewe kwetu ulizaliwa katika fitra, ile imani ya asili ya kila mtoto," akasema, "wazazi wako ndio waliokubadilisha. Basi nikuite Mwislamu usiyejijua?" Nikaona si tamu tena. Tangu hapo simpachiki Hawe jina ambalo mwenyewe alilikataa akiwa hai. Nashika tu lile ombi la Ibrahimu, alipokuwa akiitetea Sodoma: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?"

Haya yote sikumwambia mtoto. Nilimwambia katekista amesema kweli kwamba njia ni Yesu, na kwamba Yesu hutembea mbali kuliko sisi tunavyofika, hata Ganda hufika, tena usiku wa mvua. Akanyamaza, akachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Kwa hivyo yuko kwa Mungu?"

"Natumaini hivyo. Kila siku naomba hivyo."

"Huko wanaruhusu ugoro?"

Nikasema sijui. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, shangazi alimtilia kopo ndani ya sanda, yeye aliona. Kisha akadai mahamri.