Siku moja maishani mwangu: kusaka washiriki 200 wa dodoso la mtandaoni, Pemba

Dodoso lina maswali 18 kuhusu nishati ya kupikia: kuni, makaa, gesi, umeme. Linajibiwa kwenye simu kwa dakika saba hivi. Wanatakiwa watu 200 wa Pemba nzima ndani ya siku saba, na mfuko una shilingi 300,000. Leo ni Jumanne, siku ya tatu.

Pesa zimegawika hivi. Vocha ya 1,000 kwa kila atakayemaliza: 200,000. Waunganishi wanane wa kusambaza linki, kila mmoja 5,000: 40,000. Nauli 20,000, bando 20,000, kuchapa karatasi 10,000. Elfu kumi inayobaki haiguswi mpaka siku ya mwisho, kwa sababu haikosi vocha moja mbili kwenda namba siyo.

Saa 12:30 asubuhi

Kabla ya chai, jedwali. Jumla ya majibu haisaidii kitu saa hizi. Kinachotazamwa ni visanduku vinane: mikoa miwili, wanawake na wanaume, wa miaka 18 hadi 34 na wa 35 kwenda juu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 272,091 Kaskazini Pemba na 271,350 Kusini Pemba, yaani karibu sawa kwa sawa, kwa hiyo kila mkoa umepewa nafasi 100. Katika kila mia, 60 ni za wanawake, kwani dodoso ni la jikoni, na umri umegawanywa nusu kwa nusu.

Linki ikiachwa itembee yenyewe, kisanduku kinachojaa mwanzo ni cha vijana wanaume wa Chake Chake na Wete mjini. Simu janja wanazo, bando wanalo, na muda wanao. Majibu 200 ya namna hiyo hupatikana upesi sana, na hayamwelezi mama wa Micheweni anayekata kuni. Kisanduku kikijaa kinafungwa: fomu inauliza mkoa, jinsi na umri kwenye ukurasa wa kwanza, na aliyekuta nafasi zimekwisha anaambiwa ahsante hapo hapo. Mtu asijazishwe maswali 18 ndipo aambiwe hahitajiki. Atadai vocha yake, na ana haki.

Kila dodoso likipangwa, hatokosekana mtu wa kusema kwamba idadi ya kisayansi ni 384. Namba hiyo ni ya sampuli ya nasibu, yaani watu waliochaguliwa kwa bahati tu, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kosa la asilimia 5 juu au chini. Watu waliopata linki kwa jamaa zao si sampuli ya nasibu, na hata wangefika 2,000 wasingekuwa. Ripoti itaandika "walioshiriki", haitaandika "Wapemba".

Saa 2:00 asubuhi

Ujumbe kwa waunganishi wanane. Hawa ni watu ambao neno lao linasikika: mwalimu wa skuli, mshika fedha wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwalimu wa chuoni anayefundisha watoto Kurani, mwenye duka. Kila mmoja ana linki yake. Fomu ni ile ile, ila imewekwa alama ya njia iliyopitia, ili jioni ijulikane nani analeta watu wa kisanduku gani. Bila alama hiyo hutojua elfu tano ipi imefanya kazi.

Leo ujumbe unawaomba wanawake wa miaka 35 na zaidi, Kaskazini tu:

"Assalaam alaykum. Tunakusanya maoni ya watu wa Pemba kuhusu kupikia: kuni, makaa, gesi na umeme. Leo tunawaomba kina mama wa Wete na Micheweni, miaka 35 na kuendelea. Maswali 18, dakika 7. Jina halitakiwi. Kuna shukrani ndogo. Mwisho Jumamosi saa 4 usiku. Ukikwama niandikie hapa hapa."

Vocha haikutajwa, na imeachwa kwa makusudi. Ukiandika "pata vocha ya 1,000", ujumbe unaishia kwenye magrupu ya fursa, na usiku unaletewa majibu na watu wasiowahi kuvuka bahari kuja Pemba. Kiasi kinatajwa ndani ya fomu, kwenye ukurasa wa ridhaa, kabla ya swali la kwanza, pamoja na sharti la vocha moja kwa mtu mmoja.

Waunganishi wanaombwa wanakili maneno na kuyatuma upya, wasi-forwadi. Ujumbe uliokwisha pita mikono mitano WhatsApp huuwekea mishale miwili na kuuruhusu uende kwenye chati moja moja tu, na watu wengi wakiiona mishale ile wanahisi utapeli. Linki nayo haifupishwi. Linki fupi isiyoonesha inakokwenda huachwa bila kuguswa. Orodha ya WhatsApp ya kuwatumia watu wengi ujumbe kwa mpigo inabeba hadi watu 256, lakini inamfikia tu aliyehifadhi namba ya mtumaji, ndiyo maana namba mpya ya mradi haifai kwa kazi hii na ya mwalimu wa skuli inafaa.

Kinachozidi maandishi yote ni sauti. Sekunde 40 za muunganishi mwenyewe akieleza kwa Kipemba chake, akitaja anakokaa na anayemjua. Husikilizwa hata na asiyependa kusoma.

Saa 3:30 asubuhi

Gari ya Konde, halafu Tumbe. Safari hii imesubiri maji. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bahari huku hutoka sana mnamo saa nne asubuhi, na wanawake wanaolima mwani wote wako majini. Leo ni maji mafu, bahari haitoki sana, wako majumbani. Ratiba ya dodoso isiyoangalia mwezi itamaliza nauli bure.

Kituo cha kwanza ni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia, na barua ya kibali mkononi. Anasomewa maswali yote 18, si kichwa cha habari tu. Sheha aliyekwisha sikia maswali yenyewe ndiye atakayeulizwa jioni na watu wake, "Hawa tuwajibu?"

Saa 5:00 asubuhi

Kikundi cha kina mama, barazani. Hapa ndipo penye thamani yote ya nauli, na ndipo makosa mengi yanapojificha.

Kwanza simu. Kati ya wanawake waliokaa, wapo wenye simu janja yao, wapo wanaotumia ya mume au ya mtoto, na wapo wenye kitochi. Ukituma linki kwa simu ya mume, mume atajibu, naye atajibu kuhusu jiko asilolipikia. Ndiyo maana swali la tatu ni "Jana, nani alipika hapa nyumbani?" na la nne "Simu hii ni yako au ya mtu mwingine?" Kwa sababu hiyo hiyo fomu haikuwekewa kizuizi cha jibu moja kwa simu moja. Nyumba moja inaweza kuwa na watu watatu halali na simu moja. Google Forms, inayoweza kulazimisha akaunti ya Google ili mtu ajibu mara moja tu, nayo imeachwa: wengi nywila ya akaunti waliwekewa dukani siku waliyonunua simu na hawaijui.

Mwenye kitochi anasaidiwa: swali linasomwa kwa sauti, yeye anasema, jibu linabonyezwa. Jibu hilo linawekewa alama ya "amesaidiwa", na linakaa safu yake, kwa sababu mbele ya mgeni mtu hupenda kutaja gesi ilhali chakula cha kila siku anakiinjika kwenye mafiga. Msaidizi na anayejibu wasikae karibu na wengine wanaosikiliza. Hatua kumi kutoka barazani zinatosha.

Pili, maneno. Fomu ya majaribio iliandikwa "mkaa". Huku ni makaa. Watu wanaelewa, lakini wanajua pia kwamba aliyeandika hakai hapa, na majibu yanakuwa mafupi. Kubwa zaidi lilikuwa swali la "usiku wa Ijumaa". Kwa hesabu yetu siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alkhamisi. Wengine, hasa waliozoea kalenda ya ofisini, waliuelewa kuwa ni Ijumaa yenyewe jioni. Swali moja likawa na majibu ya siku mbili. Sasa limeandikwa "Alkhamisi, baada ya magharibi", na utata umeondoka. Majaribio ya watu kumi kabla ya kufungua dodoso hayana gharama zaidi ya vocha kumi, na ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote.

Saa 7:00 mchana

Vocha za awamu ya kwanza, baada ya adhuhuri. Namba ya simu haimo ndani ya fomu. Mtu akimaliza, fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu, inamtolea tarakimu sita kwenye kioo, naye anazituma kwa namba ya mradi. Tarakimu zikioanishwa na orodha, analipwa. Nani alijibu nini hakuchanganyiki na nani alilipwa.

Vocha imechaguliwa badala ya pesa kwa sababu 1,000 ya kutuma ina makato ya kutuma na ya kutoa, na mpokeaji anabaki na kitu kisichofaa. Bahati nasibu ya zawadi moja kubwa ingekuwa rahisi zaidi kwa mfuko, lakini hapa wengi wataihesabu kamari, na dodoso lenye harufu ya kamari halipiti kwa mwalimu wa chuoni.

Anayerusha ni mwenye duka mwenye laini za mitandao yote. Anasomewa namba, anairudia kwa sauti, ndipo anabonyeza. Vocha iliyokwenda namba siyo hairudi. Awamu ya pili ni baada ya isha. Kulipa siku ile ile ndilo tangazo lenyewe: kina mama watano wa barazani wakiona vocha imeingia mchana, waliobaki hawahitaji kubembelezwa.

Saa 9:00 alasiri

Kuchuja majibu. Kila jibu linapimwa kwa alama nne.

Ya kwanza ni muda: chini ya dakika tatu, maswali hayakusomwa. Ya pili ni shehia. Sehemu hiyo mtu anaandika mwenyewe, hachagui. Mkaazi anaandika Kengeja, Wawi, Tumbe Magharibi. Asiyekuwepo anaandika "Pemba" au "Kaskazini". Ya tatu ni mstari: majibu yote yamebonyezwa chaguo la kwanza. Ya nne ni mtungi. Anayesema anatumia gesi anaulizwa mtungi wake wa mwisho ulikuwa wa kilo ngapi. Iliyozoeleka madukani ni ya kilo 6, 15 na 38. Akiandika 20, inawekwa alama.

Alama moja haimtoi mtu. Mama anaweza kuwa hajui kilo, anajua "ule mdogo". Alama mbili zinasimamisha vocha, na anaandikiwa swali moja la kawaida: "Gari gani inafika kwenu?" Aliyepo anajibu bila kufikiri. Alama tatu, jibu linaondolewa kwenye hesabu, lakini halifutwi. Linahamishiwa karatasi nyingine na sababu yake, ili mwenye kukagua aone.

Ikitokea swali moja limewababaisha watu wengi wa kweli, kosa ni la swali. Wanalipwa wote.

Saa 11:00 jioni

Hakuna kinachotumwa. Kuanzia alasiri hadi magharibi watu tunaowatafuta wako jikoni.

Saa 2:15 usiku

Baada ya isha simu zinashikwa. Huu ndio muda wa kukumbusha, na kukumbusha kunafanywa mara moja tu, siku ya tatu. Ukirudia kila usiku, muunganishi anatolewa kwenye grupu na linki inatoka naye. Sauti mpya, si ile ya asubuhi, na inataja pengo lenyewe: "Micheweni tumebakiza nafasi kumi na nne za kina mama." Pengo linalotajwa kwa idadi humfanya mtu amkumbuke shangazi yake.

Tangazo la kulipia la Facebook halikuingia kwenye mfuko huu. Pesa inakatwa kwa aliyeona au aliyegusa, amalize asimalize, na kwa shilingi hizi chache afadhali nauli ya Tumbe.

Saa 4:00 usiku

Nakala ya majibu inashushwa na kuhifadhiwa mahali pawili, faili ikiwa na tarehe kwenye jina. Idadi ya kila kisanduku inaandikwa kwenye daftari. Kilichofika lengo kinafungwa kwenye fomu, na fomu inafunguliwa kwa simu ya kawaida, si kompyuta, kuhakikisha bado inapita. Namba za waliokwisha lipwa zinafutwa kwenye orodha ya vocha, mazungumzo ya WhatsApp nayo. Zinabaki tarakimu sita tu.

Kesho ni wilaya ya Mkoani, na muunganishi wa Kengeja bado hajajibu.