Kope za juu baada ya upasuaji: nilivyozitunza hadi zikapona

Watu wengi waliopunguzwa ngozi ya kope za juu hushtushwa na ile rangi ya zambarau usoni. Kwangu hiyo ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko yote, maana huondoka yenyewe. Kazi ya kweli ya siku za mwanzo ni kuzuia damu isivuje ndani na kuzuia jicho lisikauke. Karibu kila agizo la daktari linatokana na hayo mawili.

Upasuaji wenyewe si mkubwa. Ngozi iliyolegea hukatwa kwa kufuata mkunjo wa kope, pengine na mafuta kidogo yakatolewa, kisha kidonda hushonwa kwa uzi mwembamba sana. Mara nyingi hutumika ganzi ya sehemu tu, na unalala kwako usiku huohuo.

Usiku huo wa kwanza ndio wa kuwa macho nao. Kila nilipoamka niliziba jicho moja kwa kiganja bila kuligandamiza, nikasoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani, kisha nikabadilisha jicho. Ukungu unaoondoka ukipepesa ni wa mafuta ya dawa. Ukungu usioondoka, ukiambatana na maumivu yanayozidi upande mmoja na jicho kutokeza nje au kuwa gumu, ni damu inayokusanyika nyuma ya jicho na kuubana mshipa wa fahamu wa kuonea. Hapo unakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa tisa usiku, kwa sababu uwezo wa kuona unaweza kupotea kabisa ukisubiri kukuche. Hatari hii hutokea mara chache, na nyingi huonekana ndani ya saa 24 za mwanzo.

Barafu ina faida kubwa katika siku 2 za kwanza: dakika 10 hadi 15, kisha unapumzisha, unarudia kila saa ukiwa macho. Niliacha pakiti ya njegere za kugandishwa ambayo wengi huisifia, kwa sababu ina uzito na hulalia nyuzi. Nililoweka vipande vya shashi safi kwenye bakuli la maji ya barafu, nikavikamua, nikaviweka juu ya kope zilizofumbwa, na kubadilisha kila vikipata joto. Barafu yenyewe isiguse ngozi. Kope bado ina ganzi, kwa hiyo inaweza kuungua kwa baridi usihisi chochote.

Lala chali, kichwa kikiwa juu ya mito 2 au 3, na kanga iliyokunjwa kila upande ili usigeuke. Ukilalia ubavu, jicho la upande huo litaamka limevimba zaidi, kisha utahangaika ukidhani daktari amekosea. Uvimbe wa asubuhi hupungua kadiri unavyokaa wima, na huwa mbaya zaidi siku ya 2 au ya 3. Damu nayo hushuka, kwa hiyo usishangae kope za chini na mashavu ambayo hayakuguswa yakibadilika rangi. Zambarau inageuka kijani, kisha manjano, na kwa wengi wiki 2 zinatosha.

Chochote kinachopandisha damu kichwani kiahirishwe wiki ya kwanza, na kazi nzito wiki 2 hadi 3: kubeba dumu la lita 20, kufua kwa kuinama, kupulizia mkaa. Niliswali kwenye kiti badala ya kusujudu. Chafya itoke mdomo ukiwa wazi. Kujikamua chooni nako kuna madhara yaleyale, hivyo maji mengi na papai viwepo mezani. Valia nguo za vifungo ili usivute fulana juu ya uso.

Kwa maumivu, parasetamoli gramu 1 kila saa 6 humtosha mtu mzima asiye na matatizo ya ini, isizidi gramu 4 kwa siku. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha kuvuja damu. Lakini anayetumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo asiache bila kauli ya daktari wake, na vidonge vya presha vinaendelea kama kawaida.

Sasa ukavu, ambao hupuuzwa sana. Kwa siku kadhaa kope hazifungi sawasawa. Mwambie mtu akuangalie ukiwa umelala. Uwazi mdogo tu unatosha kukausha kioo cha jicho usiku kucha, ukaamka na macho yanayochoma kana kwamba yameingia mchanga. Nilitia machozi ya bandia mara 4 hadi 6 mchana, na ile jeli nzito usiku. Feni ielekezwe kwingine. Moshi wa jikoni, dawa ya mbu ya kuchoma na upepo wa bodaboda vyote ni maadui. Vaa miwani inayofunika pembeni.

Nyuzi nilizisafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, asilimia 0.9, kwa kijiti cha pamba. Bingirisha kijiti juu ya gaga lililolainika, usikwangue. Kisha mafuta ya antibiotiki ya macho, kiasi cha punje ya mchele kwa kope moja, mara 2 au 3 kwa siku. Soma tyubu vizuri: kuna mafuta ya macho yenye steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe) ndani yake, na hayo bila agizo yanaweza kupandisha shinikizo la jicho. Wekundu unaosambaa, usaha au homa ni mambo ya kurudi kliniki bila kungoja miadi.

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Zikikaa mno huacha alama, na wakati mwingine vijipele vyeupe vigumu kwenye mstari wa kidonda. Usivitumbue; daktari huvifungua kwa ncha ya sindano. Wanja, kope za bandia na lensi za machoni zingoje wiki 2 au zaidi. Kovu kwenye ngozi nyeusi huelekea kuwa jeusi zaidi, kwa hiyo kofia pana na miwani ya jua ni vya miezi, na krimu za kung'arisha zisikaribie jicho.

Ganzi juu ya kope inaweza kudumu wiki nyingi, na jicho moja karibu daima hutangulia jingine kupona. Ulinganifu usiupime kabla ya miezi 3 kupita tangu upasuaji. Hata miwani mipya ya kusomea ni bora kuisubirisha hadi hapo, kwa kuwa uvimbe hubadilisha kidogo umbo la kioo cha jicho na kipimo cha leo kitakudanganya.