Jinsi mimi na mke wangu tulivyopita kwenye kemo, na ndugu walivyotushika mkono

Majibu ya bayopsi, kile kipimo cha kuchukua kinyama kidogo cha uvimbe, yalipotoka kwamba uvimbe kwenye titi la mke wangu ni saratani, simu zilianza siku ileile. Kila ndugu anataka kujua, kila mtu anamalizia na "mkihitaji chochote semeni". Walikuwa wanamaanisha kabisa, lakini mgonjwa aliyechoka hawezi kukaa anampangia mtu kazi, na mi mwenyewe nilikuwa na faili la hospitali mkononi sijui nianzie wapi. Kilichotusaidia kuliko vyote ni dada yangu, alikuja na daftari akasema kaka, leo tunagawana, kila mtu aondoke hapa anajua la kwake.

Dada ndo akawa msemaji. Baada ya kila kliniki anaandika kwenye grupu la WhatsApp la familia, na mke wangu ndo anaamua kipi kisemwe kipi kibaki ndani. Hili jambo watu wanaliona dogo, jamani, kusimulia habari ileile mara kwa mara kwa kila anayepiga simu kunamaliza nguvu vibaya mno. Shemeji, kaka yake mkubwa mke wangu, akachukua usafiri. Mama mkwe akahamia kwetu, jiko na watoto vikawa vyake. Mi nikabaki na kazi moja, kuwa na mke wangu.

Dokta alianza na kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, kabla ya upasuaji ili uvimbe usinyae, kila baada ya wiki 3, mwanzo doksorubisini na saiklofosfamaidi halafu baadaye paklitakseli. Ile doksorubisini ni nyekundu, na nesi hakuitundika akaenda zake, alikaa pembeni na bomba la sindano anaisukuma taratibu huku maji ya dripu yanaendelea kuingia, kila baada ya muda anavuta kidogo kuona kama damu inarudi, anauliza "dada unasikia kuwaka hapo? inauma?", maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Mi nilikuwa nimeshika mkono wake mwingine. Nesi alishatwambia mkojo utatoka mwekundu kidogo, kwa hiyo nyumbani hatukushtuka.

Alitufundisha pia kwamba kwa saa 48 hivi baada ya dawa, mkojo na matapishi yanakuwa bado na dawa ndani, kwa hiyo unasafisha na glavu, choo unafunga mfuniko kabla ya kuflashi, mashuka yaliyochafuka unafua peke yake. Mambo ya chumbani tuliuliza wenyewe, tukaambiwa kondomu, na mimba isiingie kabisa kipindi cha matibabu. Wanandoa wengi wanaona aibu kuuliza hili, nawasihi muulize, madokta wamezoea. Na kama bado mnataka watoto, swali la uzazi liulizwe kabla dozi ya kwanza haijaingia, sio baadae.

Kichefuchefu alikuwa anameza dawa yake kabla hakijaanza, ukisubiri kianze umeshachelewa. Harufu ya mapishi ndo ilikuwa adui, mama akawa anapika mlango umefungwa na chakula anakileta kimeshapoa, kidogo kidogo, hamlazimishi. Vidonda vya mdomoni vilipokuja alisukutua na maji ya chumvi ya vuguvugu na mswaki laini.

Sasa kitu ambacho ningependa kila familia ikijue ni hizi siku za kati, kama siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya dozi, seli nyeupe za damu zinashuka sana na mwili unakuwa hauna ulinzi. Dada aliziandika kwenye grupu kabisa, siku hizi hakuna wageni, na mama mkwe alisimama mlangoni, mwenye mafua anarudishwa hata kama katoka mbali. Usiku mmoja ndani ya siku hizo mke wangu akaniamsha, "baba watoto, nasikia baridi", nikampima, 38.2. Alikuwa ameshaambiwa asimeze parasetamo kwanza, inashusha joto na kuficha maambukizi, joto likifika 38 piga simu uende hata iwe saa nane usiku. Begi lilikuwa tayari, shemeji alipokea simu mlio wa kwanza tu. Tulipofika nikasema neno la kwanza kabisa, "yuko kwenye kemo na ana homa", wakachukua damu na antibayotiki za mshipani zikaanza haraka. Alilazwa, akapona.

Nywele zilianza kutoka kabla ya dozi ya pili. Hakutaka kuziokota kwenye mto kila asubuhi, akamwita dada yangu, "wifi, ninyoe leo". Mama alilia, na mke wangu ndo akawa anambembeleza mama yake na kichwa kimenyolewa nusu. Watoto waliangalia. Tulikuwa tumeshawaambia ugonjwa kwa jina lake, kwamba hauambukizi na kwamba hakuna aliyeusababisha, na wa mwisho alikuwa na swali moja tu, kama zitaota tena.

Mimi pia walinibeba. Shemeji alikuwa anakuja anakaa na dada yake, ananiambia "shem nenda kalale, leo niko mimi", na kiukweli bila hivo ningeanguka. Jioni watoto wakilala tulikuwa na muda wetu, habari za ugonjwa haziingii, siku mbaya tunakaa tu kimya ameniegemea.

Upasuaji na mionzi vilipita, mionzi ilimchosha na kumbabua ngozi ila sio kama kemo. Sasa hivi anameza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni isichochee saratani kurudi, kila siku, imepangwa miaka 5, joto la ghafla linamsumbua usiku tunalala dirisha wazi. Dawa yoyote mpya tunamuuliza dokta kwanza, maana kuna baadhi ya dawa za sonona zinapunguza nguvu ya tamoksifeni. Mamografia ya mwaka huu, ile picha ya eksirei ya matiti, inakuja na shemeji ameshaomba ruhusa kazini.