Siku niliyomwita Bibi kangomba

Bibi alikuwa akiniita mume wangu. Si mimi peke yangu. Vijana wote wa rika la wajukuu zake kijijini kwetu, njia ya kutoka Masasi kwenda Ndanda, alishatuoa. Mimi nilikuwa mume mdogo. Akipita ghalani husimama mlangoni na kuuliza, "Mume wangu, leo nimeachiwa hela ya mboga?" Namjibu kwamba yote nimempa mke mkubwa. Anacheka, ananitukana kidogo, anaendelea na safari yake. Bibi na mjukuu ni watani, hakuna asiyejua hilo, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa kinga yangu: nilikuwa natania tu.

Mwaka 2018 nilikuwa karani wa muda katika chama cha msingi cha ushirika, pale ghalani tulipopokea korosho za wakulima. Gunia likipanda kwenye mizani natazama, natamka kilo kwa sauti ili mwenye mzigo na foleni nzima wasikie, halafu ndiyo naandika. Kutamka kwanza, kuandika baadaye. Wazee wengi hawakuwa na habari na karatasi yangu. Walichokiamini ni kile nilichokisema mbele za watu.

Msimu ule ulikuwa wa ajabu. Oktoba wakulima waligoma kuuza kwa bei za mnadani. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Watu walishangilia hadi usiku. Lakini hela haikutoka hivi hivi. Kwanza uhakikiwe: korosho hizi ni za shambani kwako, au wewe ni kangomba?

Kangomba, kwa asiyetoka kusini, ni yule anayezunguka uani kwa watu wenye shida kabla ya msimu, mtoto anaumwa, unga umekwisha, akanunua korosho kwa bakuli na kwa bei ya kutupa, kisha akazipeleka ghalani kama zake. Miaka yote tulikuwa tukiitana kangomba kwa mzaha. Novemba ile neno likaota meno. Ukishaitwa hivyo, hela yako inakaa.

Siku hiyo Bibi alikuja na magunia manane juu ya mkokoteni. Mwaka wa nyuma yake alileta matatu. Nilichota konzi, nikazitikisa sikioni. Zilikuwa zinalia vizuri, zimekauka. Vijana wakazipitisha kwenye chekeche, mchanga ukatoka kiasi cha kawaida tu. Nikaanza kutamka. Sabini na nane. Themanini. Sabini na tisa. Tulipofika gunia la nane, kwa sauti ile ile ya kutamkia kilo, nikasema:

"Manane! Bibi, mwaka huu umeanza kangomba nini?"

Foleni ikaangua kicheko. Na yeye alicheka. "Kangomba wewe na mimi, mume wangu, si tunagawana?" Halafu akaanza kueleza kuwa kaka yake alifariki mwezi wa tano, mikorosho yake haina wa kuipalilia, watoto wako Dar es Salaam, kwa hiyo ameihudumia yeye. Alieleza, ila mimi nilikuwa nimeshaita anayefuata. Sikumsikiliza hata nusu.

Sijui neno lile lilipita mdomo wa nani na wa nani. Ninachojua ni kwamba timu ya uhakiki ilipofika, jina la Bibi lilikuwa miongoni mwa wanaotiliwa shaka. Walimpeleka shambani, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akawaonyesha mkorosho mmoja mmoja, wa kwake na wa marehemu. Mikorosho ya marehemu haikuwa na karatasi yoyote yenye jina la Bibi. Jirani aliyefuatana nao alinisimulia jioni. Bibi alipouliza nani kasema yeye ni kangomba, mmoja akamjibu, "Hata karani wenu alisema, tena mizani."

Januari wenzake wakaanza kuingiziwa hela. Yeye hapana. Mjukuu wake alikuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza. Ada hakuna siku hizi, lakini sare, viatu na madaftari havitoki bure. Mtoto alichelewa kuripoti. Bibi alipita ghalani siku moja kuulizia, akasimama mlangoni pale pale.

"Karani," alisema, "jina langu bado?"

Karani. Nilitazama daftari kama vile sijawahi kuliona.

Ningeweza kukaa hivyo miaka, kusema kweli. Nilikuwa na maelezo yangu tayari: sikuwa mimi niliyeandika lile jina, nilitania, na yeye mwenyewe alicheka. Amri ya nane inakataza uongo, na utani si uongo. Kila Jumapili nilikuwa nikijipiga kifua nikiungama kwamba nimekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa vitendo, na hapo kwenye "kwa maneno" nilikuwa napita mbio kama gari linalopita kituo kisicho na abiria.

Jumapili ya tarehe 3 Machi 2019, ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, zamu ya kusoma somo la kwanza ilikuwa yangu. Sikulipitia nyumbani, nilishazoea. Nikafungua kitabu: Yoshua bin Sira, sura ya 27. Chekeche ikitikiswa, takataka hubaki. Ndivyo na kasoro za mtu aongeapo.

Nilisoma kwa kinywa changu mwenyewe. Bibi alikuwa benchi la tatu upande wa wanawake, kanga imefika hadi kidevuni, akinitazama. Lilipofika neno chekeche sauti ilikatika, nikajifanya nakohoa. Injili ya siku hiyo ndiyo ile ya Luka, kwamba kinywa hunena yaujazayo moyo. Padri alihubiri kuhusu boriti na kibanzi. Mimi nilikuwa bado kwenye chekeche. Maana kweli, moyoni mwangu siku ile ya mizani nilijiuliza: huyu bibi kayatoa wapi magunia manane? Utani ulikuwa gunia tu. Ndani yake kulikuwa na shaka.

Nikaenda kitubio wiki hiyo hiyo. Nilitegemea Salamu Maria tano. Padri alinyamaza, kisha akauliza, "Neno hilo ulilisema wapi?"

"Ghalani, Baba. Mizani."

"Watu walikuwepo?"

"Wengi."

"Basi lifuate huko huko."

Nilijaribu kukwepa kidogo. Nilikwenda kwanza kwa Bibi nyumbani jioni, nikiwa na kilo mbili za sukari. Alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, sukari hakuigusa. "Umenisema mchana," alisema, "unakuja kuniomba msamaha usiku."

Ijumaa orodha mpya ya malipo ilibandikwa, na watu walijaa ghalani kama siku za msimu. Nilipanda juu ya jukwaa la mizani. Magoti yalikuwa yakinicheza. Nikatamka kwa sauti ile ile ya kilo: kwamba mimi nilimwita Bibi kangomba na sikuwa na ushahidi wowote, kwamba magunia manane ni ya mikorosho yake na ya marehemu kaka yake, kwamba yeyote aliyelibeba neno langu alibeba uongo, na mwenye uongo ni mimi. Wengine waliguna. Kijana mmoja alicheka, na nilimwelewa. Katibu wa chama alinivuta shati nishuke, akidhani nazua mgogoro. Baadaye aliniambia niyaandike yale maneno, nikaandika, nikasaini.

Hela ya Bibi iliingia baada ya Pasaka. Kama ni kwa maandishi yangu au foleni yake ilifika tu, hakuna aliyeniambia, na sikuuliza.

Siku ile nikiwa nimeshuka kwenye mizani alikuja hadi mbele yangu. Watu wakapisha. Alinishika mkono, akaushikilia kitambo, mkono mkavu wenye madoa meusi ya mafuta ya maganda ya korosho.

"Nimekusamehe," alisema. "Nimekusamehe kabisa, karani."

Kazi ya mizani niliiacha miaka mingi iliyopita. Tukikutana Jumuiya tunapeana amani, tunacheka, ananiulizia watoto. Ananiita karani mpaka leo.