Siku yangu ya kuvusha masomo kwenda kisiwani

Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye feri ya Likoni, begi nimelipakata kifuani. Watu wakisikia nashughulikia teknolojia ya shule za visiwani, hudhani nashinda ofisini penye kiyoyozi. Mle begini mna Raspberry Pi, kikompyuta kinachoenea kiganjani, nimekipakia masomo ya Kolibri, programu ya kusomea bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili. Kebo ya TEAMS, ile ya intaneti ipitayo chini ya bahari, ilifika hapa Mombasa mwaka 2009, lakini ninakokwenda, ujumbe mmoja wa simu ni mpaka upande juu utafute mtandao. Basi masomo yanavuka bahari mgongoni mwangu.

Matatu, bodaboda, hadi Shimoni penye mashua za visiwani. Ni bamvua, maji yamekupwa mno. "Vua viatu, fundi," nahodha akaniambia. Tukaifuata mashua kwa miguu, begi kichwani.

Saa tano darasani. Kikompyuta kikawaka, tableti zikakishika bila intaneti. Lakini 9 kati ya 20 hazikuingiza chaji. Nikachungulia tundu la chaji: kutu ya kijani. Chumvi ya hewani inakula shaba. Nikaketi sakafuni na mswaki mkuukuu na spiriti, nasugua tundu moja moja, jasho likiniingia machoni. Ya nne ndiyo kwanza inawaka, akaingia mzee mmoja mvuvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivi ndivyo vidude vya sinema mnavyowapa wajukuu zetu?"

Nikamweleza, akarudia lile lile. Nikamweleza tena. Nusu saa nzima! Hasira zilinipanda, maana mashua ya kurudi haingoji na tableti tano bado zimelala mbele yangu. Mwishowe mjukuu wake akafungua somo la pweza, akasoma kwa sauti kwamba ana mioyo mitatu.

Mzee akanyamaza. "Mmoja mkubwa," akasema, "na midogo miwili, kila mmoja kwenye shavu lake. Nimewapasua miaka arobaini." Akaomba kiti. Akawaonyesha watoto kwa vidole vyake penye kila moyo, mwalimu akamrekodi kwa tableti, nami mswaki nikauweka chini nikasikiliza.

Feri ya kurudi sikumbuki niliipanda saa ngapi, miguu ilikuwa imekwisha. Tableti tatu nimerudi nazo, tundu zimelika kabisa. Kesho nitazitafutia nyingine mjini, Digo Road. Kabla ya kulala nikaipanga sauti ya mzee kwenye Kolibri, chini ya somo la pweza, tayari kwa safari ijayo.