Miti ya mtaa wetu na maji ya bwawa la mwisho

Kiangazi cha kwanza tulipoteza zaidi ya nusu ya miche ya mtaa. Hapa Dodoma mvua ikikatika Aprili, kuiona tena ni Desemba, na boza moja la maji lilikuwa linakomba mchango wa wiki nzima. Mimi ndiye mhazini wa kamati ya mazingira, kwa hiyo wazo la kuvuta maji kwenye mabwawa ya majitaka yaliyo jirani lilinijia nikihesabu risiti za maboza.

Ruhusa ilitoka baada ya vipimo vya maabara. Kikubwa kilichotazamwa ni vijidudu vya kinyesi na mayai ya minyoo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka yasizidi yai 1 kwa lita. Majitaka yakikaa siku nyingi, yakihama bwawa hadi bwawa, mayai huzama na jua huua vijidudu. Hapo hatukusumbuka.

Kilichonitoa jasho ni mipira ya matone, ile yenye vitundu vinavyodondoshea kila mti maji kidogo kidogo. Wiki ya tatu, miarobaini ya mwisho wa mstari ikaanza kunyauka huku pampu inanguruma. Nikapasua kitundu kimoja kwa wembe: ndani uteute wa kijani, kama mlenda uliolala. Mwani! Tulikuwa tunanyonya maji ya juu kabisa, unakoelea. Fundi akafunga bomba la kunyonyea kwenye dumu la lita 20 lielee, mdomo ukaning'inia nusu mita chini ya maji. Tukaongeza chujio la mchanga, tunaloliosha kila Jumamosi. Vitundu bado huziba, ila si kama mwanzo. Kwa miti mikubwa niliachana na matone kabisa, nikachimba visahani kuzunguka mashina na kumwagia kwa mpira mpana. Ningeanza na hivyo, ningeokoa hela.

Mama mmoja aliniuliza mbele ya watu: "Baba Neema, haya si maji ya chooni?" Nikamjibu ndiyo, mama, ni ya chooni, yamesafishwa, si ya kunywa. Mabomba tukayapaka zambarau, koki zinafunguliwa kwa spana ninayokaa nayo mimi, na tunamwagilia usiku watoto wamelala.

Mboga za majani tulikataza. Mwezi uliopita nikakuta mchicha umestawi kweli kweli ndani ya kisahani cha mwarobaini. Niliung'oa wote. Mwenye nao hanisalimii mpaka leo.