Ukipanga umeme wa Malindi, anza na saa mbili usiku

Mtambo wa sola wa Langobaya, nje ya Malindi, una uwezo wa MW 40. Ukiuingiza kwenye programu ya kupanga nishati kama OSeMOSYS, kisha ukauacha mwaka mzima uwe kipande kimoja cha wakati, programu itashika wastani tu. Tuseme mtambo hutoa asilimia 22 ya uwezo wake: wastani ni MW 8.8, na programu itaamini kwamba hizo zipo hata saa mbili usiku, wakati jua limeshazama na kila nyumba imewasha taa na feni. Haitaona haja ya betri wala ya jotoardhi kutoka Olkaria.

Kwa hiyo gawa wakati kwanza. Kaskazi, masika, kusi na vuli, kila msimu na vipande vinne vya siku, jioni ikipewa kipande chake yenyewe. Vipande 16 vinatosha kuanzia. Kila kimoja ni sehemu ya saa 8,760, na jumla ya sehemu hizo lazima iwe 1.

Halafu vipimo. Uwezo ukiuandika kwa gigawati (GW, yaani MW 1,000) na nishati kwa petajuli (PJ, kipimo cha nishati), GW 1 inayofanya kazi mwaka mzima hutoa PJ 31.536. Usipoiweka namba hiyo, programu inachukua 1, na utaona mitambo ikijengwa mara 31 ya inayohitajika. Langobaya kwa asilimia 22 isome kama PJ 0.28 kwa mwaka.

Programu ikigoma kutoa jibu, ongeza mtambo wa kubuni wenye bei ya juu kupita yote. Kipande cha wakati ambacho utauona mtambo huo unawaka ndicho chenye kasoro.

Hayo yote hurekebishika. Linaloumiza ni makadirio ya mahitaji yaliyovimba, maana programu hailihoji hilo: hujenga inachoambiwa. Mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, Lamu, ulipangwa kuwa wa MW 1,050, wakati kilele cha mahitaji ya umeme ya Kenya nzima kilikuwa bado chini ya MW 2,000. Leseni yake ya mazingira ilifutwa na jopo la kitaifa la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) mwaka 2019. Endesha hesabu kwa ukuaji wa chini, wa kati na wa juu, na mtambo unaochaguliwa kwenye ule wa juu peke yake usiusainie mkataba wa miaka 25.